Kwa wewe unayetaka kutoka maabara uingie kwenye kipaza sauti

Nimepata tena ujumbe kutoka kwa kijana aliyemaliza shahada ya baolojia, ananiuliza afanyeje ili awe mwanahabari wa sayansi. Mimi nilisomea viumbe vya baharini, nikafanya utafiti wa matumbawe kwa miaka sita, kisha nikauacha. Sasa naandika makala na kuendesha podikasti ya Kiswahili hapa hapa Mombasa. Nitamjibu hadharani, kwa sababu wanaouliza ni wengi.

Kipindi changu cha pili kilihusu joto la bahari. Nikasema matumbawe yakigeuka meupe, basi yamekufa. Nilijua si hivyo, lakini nilitaka neno fupi litakaloshika sikio. Siku mbili baadaye nilikuwa Nyali, pale wavuvi wanapoteremsha samaki, mzee mmoja akaniita.

“Mwanangu, kipindi chako nimekisikia. Lakini meupe hayajafa. Yakifa huota majani, yakawa rangi ya matope.”

“Kweli, ami. Nimekosea.”

Alikuwa ameeleza kwa maneno machache jambo nililolisomea miaka. Ndani ya tumbawe huishi vimwani vidogo sana ambavyo hulipa rangi na sehemu kubwa ya chakula chake. Maji yakizidi joto, hata kwa nyuzijoto 1 tu juu ya kiwango cha juu cha kawaida cha msimu, na yakakaa hivyo majuma kadhaa, tumbawe huvitoa vile vimwani. Hubaki jeupe na lenye njaa, lakini li hai. Maji yakipoa mapema, hupona. Yasipopoa, hufa, ndipo mwani hulifunika. Mwaka 1998, joto la El Niño, ile hali ya bahari kupata joto kupita kawaida, liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu, na wazee waliokuwa wakivua wakati ule wanaeleza walichokiona kama cha jana.

Tofauti kati ya mgonjwa na maiti ni kubwa mno. Ukimwambia mtu mwamba wa matumbawe umekufa, atauliza aulinde wa nini? Kipindi kilichofuata nilikifungua kwa kusahihisha, na kwa idhini ya yule mzee nikaiweka sauti yake. Ukikosea, sahihisha pale pale ulipokosea, mapema, kwa sauti ile ile.

Lugha ndiyo iliyonitesa zaidi. Chuoni tulisoma kwa Kiingereza, kwa hiyo mswada wangu wa kwanza ulijaa maneno mazito niliyoyaunda mwenyewe. Nilijaza mistari mitatu kueleza maji yanayojaa na kutoka sana mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi vikivuta kwenye mstari mmoja. Nyanya yangu angesema bamvua, basi. Na ya nusu mwezi ni maji mafu. Mikoko niliijua kwa Kilatini. Wakataji wana mchu, mkandaa, muia na mlilana, na kila mmoja wanajua unafaa kazi gani. Kabla hujabuni neno, nenda kaulize.

Kisha kuna marafiki. Mtafiti niliyewahi kufanya naye kazi alitaka nimpe mswada wote ausome, aondoe sentensi moja iliyomkera. Nilikataa, na iliniuma. Kanuni yangu tangu siku hiyo: namsomea mtaalamu maneno yake na takwimu zake ahakikishe, mswada simpi. Shirika moja nalo lilinipa bahasha baada ya warsha. Niliirudisha, kwani mwezi uliofuata nilikuwa nauliza maswali kuhusu mradi wao huo huo. Usiache kazi kwa pupa pia. Mimi nilifundisha masomo ya jioni miaka miwili kabla ya podikasti kuanza kulipa kodi ya nyumba.

Vifaa visikutishe. Simu nzuri na kipaza sauti cha kubana shatini vinatosha kuanzia. Adui ni kelele: upepo wa kusi ufuoni, tuktuk barabarani, feni na friji ndani. Ufuoni mimi hugeuza mgongo kwenye upepo na kukifunika kipaza sauti kwa kitambaa. Nyumbani hurekodi baada ya isha, chumbani, godoro limesimamishwa ukutani na leso zimening’inizwa mbele yangu ili sauti isirudi. Miezi ya joto ni kazi, lakini sauti hutoka safi.

Basi wiki hii rekodi dakika kumi ukieleza kitu kimoja ulichokitafiti mwenyewe. Mpelekee mama, shangazi, au jirani anayeuza viazi karai, ukae naye anaposikiliza. Anapokatiza kuuliza “nini hicho?”, andika dakika na sekunde. Urudi nyumbani, uanzie hapo kuandika upya.