Neva ya vagasi: breki ya moyo, msukumaji wa tumbo

Shikamoo daktari. Nikiona damu, hata ya kuku anayechinjwa, naanguka. Moyo wangu ni mbovu? (Kijana, Tanga)

Marahaba. Moyo wako huenda ni mzima kabisa. Kilichokuangusha ni neva ya vagasi, uzi unaobeba amri za ubongo. Hutoka kwenye shina la ubongo, hushuka shingoni, hupita kifuani hadi tumboni, ndiyo maana ikapewa jina la Kilatini lenye maana ya mzururaji. Kwenye moyo kazi yake ni breki. Moyo ulioachwa peke yake hupiga kama mara 100 kwa dakika. Vagasi ndiyo inayoushusha hadi 60 au 70 ukiwa umetulia. Wewe ukiona damu, breki inakanyagwa ghafla, mishipa ya damu inalegea, presha inaporomoka. Ukianza kutoka jasho la baridi, kupiga miayo na kuona giza, lala hapo hapo chini, miguu juu. Usione haya. Na ninyi mnaomzunguka, acheni kumkalisha kitini mkimpepea: mkimwinua, damu inazidi kuukimbia ubongo. Anayezimia akiwa anakimbia au amelala, huyo apimwe moyo haraka.

Nina kisukari miaka 12. Siku hizi nakula vijiko vitano nimeshiba, na usiku natapika wali wa mchana. Dawa za vidonda vya tumbo nimemaliza, wapi! (Mama, Dodoma)

Pole mama. Sukari iliyokaa juu miaka mingi huweza kuila vagasi, na tumbo lisilopata amri yake halisukumi chakula. Kinalala humo. Hatari ni kwa wanaochoma insulini: dawa imeshafika, chakula bado, sukari inashuka mtu akiwa ndiyo kwanza ametoka mezani. Mweleze daktari wako habari ya huo wali kama ulivyonieleza mimi. Kwa sasa kula kidogo kidogo mara nyingi, punguza mafuta. Hata dona na mboga zenye nyuzi, tunazozisifia kila siku, kwako zinaweza kuzidisha tatizo.

Jirani alipuliza dawa ya nyanya bila kujifunika. Mate yakamtoka, akaharisha, mapigo ya moyo chini. Hospitali wakamchoma atropini. Ni ya nini? (Mkulima, Morogoro)

Mwaka 1921 huko Graz, Austria, mwanasayansi Otto Loewi aliichokoza kwa umeme vagasi ya moyo wa chura, mapigo yakapungua. Akachukua maji yaliyouogesha moyo huo, akayatia kwenye moyo wa chura wa pili: nao ukapunguza mwendo. Kumbe neva inatema kemikali! Ndiyo asetilikolini. Baadhi ya sumu za kuua wadudu huzuia isivunjwe, ikajaa mwilini. Atropini inaziba pale inapopokelewa. Siku nyingine, kabla ya kumpakia mtu kwenye bodaboda, mvueni nguo zilizolowa dawa na mumwoshe kwa maji na sabuni, nanyi mkivaa glavu.

Nasikia pumzi ndefu zinaiamsha vagasi na kutibu kila kitu. (Msomaji, Mombasa)

Zinatuliza. Weka vidole kwenye mshipa wa kifundo cha mkono: ukivuta pumzi polepole mapigo yanaongeza mwendo, ukiitoa yanapungua. Ni vagasi hiyo, inaachia breki na kukanyaga. Ila anayekuuzia mafunzo ili uache vidonge vya presha, mkimbie.