Kuunganisha Kompyuta Mbili kwa USB: Kagua Waya Kabla ya Anwani

Wengi wanaoniomba msaada wa kuunganisha kompyuta mbili kwa USB huanza kwa kunionyesha anwani za IP (namba zinazotambulisha kompyuta kwenye mtandao) walizoweka, ilhali kompyuta zenyewe bado hazijaonana. Kwa uzoefu wangu, anayeanza kukagua kwenye waya hupata jibu mapema kuliko anayebadilisha anwani usiku kucha.

USB ya kawaida hutaka upande mmoja uwe mwenyeji, anayetoa amri na umeme, na upande wa pili uwe kifaa kinachoitikia. Kompyuta mbili za mezani zote ni wenyeji, kwa hiyo waya mtupu wenye vichwa bapa vya aina ya A pande zote mbili hauziunganishi. Tena unakutanisha volti 5 za huku na volti 5 za kule, jambo linaloweza kuunguza tundu. Waya huo mimi siuruhusu mezani kwangu, hata kwa majaribio. Unaotakiwa ni ule wenye kidude kilichovimba katikati, ambamo mna chipu ya daraja, kwa mfano PL-2302 au PL-25A1 za Prolific, inayojitambulisha kwa kila kompyuta kama kifaa na kupitisha data baina yao.

Kwenye Linux, andika lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB, katika kompyuta zote mbili. Kama waya ni wa PL-25A1, utafute mstari wenye 067b:25a1, namba inayoitambulisha chipu hiyo. Ukionekana upande mmoja tu, achana na habari za mtandao na ubadilishe tundu au waya. Ukionekana kote, amri ya ip link ikuonyeshe kiolesura kipya (mlango wa kompyuta kwenye mtandao), ambacho huitwa usb0 au jina refu kama enp0s20u2. Jina hilo refu hutokana na tundu lililotumika, ndiyo maana mipangilio iliyofanya kazi jana huweza kupotea leo baada ya waya kuhamishiwa tundu jingine.

Hapo ndipo penye mtego unaowasumbua watu kuliko yote. Unaweka anwani kwa mkono, mawasiliano yanapatikana, kisha baada ya muda mfupi anwani inatoweka yenyewe. Mara nyingi anayeifuta ni NetworkManager, programu inayosimamia mtandao kwenye Linux: huomba anwani kwa DHCP, utaratibu wa kugawiwa anwani moja kwa moja, na kwa kuwa ng'ambo hakuna anayezigawa, husubiri kama sekunde 45, hukata tamaa na kukishusha kiolesura. Dawa yake ni kuupa upande mmoja mpangilio wa IPv4 wa kushirikisha, yaani ipv4.method shared, upande huo hujipa 10.42.0.1 na kuugawia mwenzake anwani.

Ikiwa mmoja ni Windows, hakikisha kwanza kwamba draiva ya chipu, yaani programu inayoiendesha, imewekwa. Kisha ujue kwamba Windows huuchukulia mtandao usiofahamika kuwa wa hadhara na kwa kawaida hunyamazia ping (ujumbe mfupi wa kujaribu kama upande wa pili unaitikia), kwa hiyo jaribu kupiga ping kutoka Windows kwenda Linux kabla ya kuhukumu kwamba njia imekatika.

Kasi nayo hulalamikiwa bure. PL-2302 ni ya USB 1.1, yenye kikomo cha megabiti 12 kwa sekunde, na hakuna mpangilio utakaoiongezea mbio. Kwa mafaili makubwa nunua waya wa USB 2.0 au zaidi, au tumia waya wa Ethernet kama kompyuta zote mbili zina tundu lake.