Usiahirishe sola kwa kusubiri nishati ya nyota
Ndugu, umeuliza kama usitishe mpango wa kufunga paneli za sola kwa kuwa umesoma kwamba wanasayansi wa Marekani wamepata nishati kwa kuunganisha viini vya atomi, kama lifanyavyo Jua. Usisitishe. Habari yenyewe ni ya kweli, nami niliifurahia mno: tarehe 5 Desemba 2022, katika maabara ya Lawrence Livermore, miali 192 ya leza ilielekezwa kwenye kikopo chenye kidonge cha fueli cha ukubwa wa punje ya pilipili manga, zikaingia megajuli 2.05 (megajuli ni kipimo cha nishati) na kutoka 3.15. Kinachoniudhi ni vichwa vya habari vilivyonyamazia megajuli takriban 300 za umeme zilizotumika kuendesha leza hizo. Tena kidonge huteketea mara moja tu, ilhali kituo cha umeme kingelazimika kulipua vidonge kadhaa kila sekunde, usiku na mchana, bila kukoma. Kwa hiyo, kila usomapo kwamba nishati iliyotoka imezidi iliyoingia, tazama kwanza hesabu ilianzia wapi, kwenye kidonge au kwenye waya wa umeme unaoingia jengoni.