Mapovu ya maji kwenye maini ya nyumbu

SWALI: Dokta shikamoo. Mimi niko Arusha mjini ila mifugo yetu iko Monduli. Juzi vijana wamekuta nyumbu kafa wakampasua, maini na mapafu yamejaa mapovu ya maji, mengine saizi ya yai la kuku, halafu nyama ya paja ina vitu vyeupe kama punje za mchele. Mbwa wetu wamekula maini yote. Mmoja anasema ni kansa, mwingine sumu. Watoto wanacheza sana na hao mbwa, nifanyeje? (Mama Glory)

JIBU: Marahaba mama Glory. Sio kansa wala sumu, inaonekana ni watoto wa minyoo tegu, tena wa aina mbili. Hizo punje kwa nyumbu mara nyingi ni za tegu wa simba au fisi: fisi anakunya, mayai yanabaki kwenye majani, nyumbu anakula, yanaangukia tumboni, yanaanguliwa yanaingia kwenye damu mpaka kwenye msuli, pale yanasubiri tu nyumbu aliwe. Hizo zisikunyime usingizi.

Ishu ni hayo mapovu. Ukipasua moja unakuta maji meupe na chini kama kamchanga kadogo, sasa kila chembe ya huo mchanga ikiingia kwa mbwa inaweza kuwa tegu mzima, kadogo hata milimita 7 hakafiki. Mtu haupati ugonjwa huu kwa kula nyama, anaupata kwa kumeza mayai yanayotoka kwa mbwa, yanaganda kwenye manyoya, mtoto anamshika then anakula ugali bila kunawa. Povu linaota kwenye ini au mapafu yake taratibu, miaka inapita bila dalili.

Uzuri ni kwamba mbwa huchukua kama wiki 6 ndo aanze kutoa mayai, so bado mnawahi. Mwite mtu wa mifugo awape mbwa prazikwanteli (dawa ya minyoo) kwa uzito wao, wafungwe siku mbili tatu, kinyesi kichomwe maana dawa haiui mayai. Kama mbwa wamezoea kula matumbo ya machinjioni siku zote, hapo wapeleke watoto ultrasaundi.

Na mizoga ya porini vijana wasipasue jamani, mbali na sheria kuna kimeta (anthrax), ugonjwa unaoweza kumpata mtu akishika mzoga, Monduli mnakijua. Kijana akiota kidonda cheusi mkononi aende hospitali siku hiyo hiyo.