Klachi hailambi mafuta: yakipungua, yanavuja

SWALI: Fundi, gari langu ni la gia za mkono. Pedali ya klachi inazama hadi chini, gia ya kwanza na ya rivasi zinagoma kuingia injini ikiwa inaunguruma. Kila wiki naongeza mafuta ya klachi, inatulia siku mbili tatu, kisha yaleyale. Gereji wameniambia giaboksi imekufa, na kwa sasa nimimine oili ya haidroliki kwa sababu ni nzito, haitavuja. Nifanye nini?

JIBU: Usinunue giaboksi. Na kama hiyo oili ya haidroliki hujaimimina, usiiguse kabisa.

Zima injini, kisha jaribu kuingiza gia zote. Zikiingia laini, na ukiwasha zinagoma, basi klachi haiachii, yaani haiitenganishi injini na giaboksi, na giaboksi haina kosa. Sasa piga pedali harakaharaka mara nne au tano, kisha ingiza gia. Ikikubali, presha haifiki chini inavyotakiwa: kuna upepo kwenye mfumo, au sili za silinda, yaani mipira inayozuia mafuta yasipite, zimechoka.

Kinachonisikitisha zaidi ni hili la kuongeza kila wiki. Karibu kila mwenye tatizo hili huniambia kwa fahari kwamba hajawahi kuacha kopo la mafuta hayo likauka. Ndugu yangu, mafuta ya klachi hayaungui wala hayaliwi. Yanasukuma tu, kutoka masta silinda, ile inayosukumwa na pedali, hadi silinda ya chini, ile inayoiachisha klachi kwenye giaboksi, na kurudi. Kama kopo ni moja na la breki, usawa utashuka polepole kwa miezi kadiri pedi za breki zinavyokwisha, lakini si kwa wiki. Yakipungua kwa wiki yamemwagika mahali, na pale yanapotokea upepo nao unaweza kuingia.

Patafute. Inua zulia chini ya pedali na upapase ukuta nyuma yake. Pakiwa na majimaji, masta silinda inavuja. Funua kiatu cha mpira cha silinda ya chini. Kikiwa kimelowa, umempata mwizi. Kwenye baadhi ya magari silinda hiyo imo ndani, imezunguka shafti ya giaboksi, na dalili pekee ni matone kwenye maungio ya injini na giaboksi. Hapo giaboksi itashushwa, lakini kushushwa si kufa. Sehemu mbovu ikishabadilishwa, upepo utolewe wote.

Sasa hiyo oili nzito. Sili za mfumo huu zimetengenezwa kwa mpira unaopatana na mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko cha kopo kinavyosema. Oili itokanayo na mafuta ghafi, iwe ya injini, ya haidroliki au ya giaboksi ya otomatiki, huuvimbisha na kuulainisha mpira huo. Siku za mwanzo sili iliyovimba huziba uvujaji, mteja anashukuru, na aliyemshauri anahesabiwa fundi hodari. Baadaye inaharibika kabisa. Nina hasira na ushauri huu kwa sababu kopo likiwa la pamoja, uharibifu huo unaingia kwenye breki. Sili za masta ya breki zikivimba, breki zinaweza kung'ang'ania bila kuachia, au siku moja pedali ikashuka na gari lisisimame. Nimefungua mifumo ya namna hii na kukuta mipira imekuwa laini kama uji ulioganda, na mwenye gari alikuja kulalamikia gia tu.

Hata DOT 5 usiimimine kwa kuona namba ni kubwa zaidi. Hiyo ni ya silikoni na haichanganyiki na DOT 3 wala 4.

Kama umekwisha kumimina, usiliendeshe gari hata kwenda gereji. Livutwe. Mabomba yasafishwe, na kila kilicho na mpira kilichoguswa na oili hiyo kibadilishwe: masta, silinda, hozi, na upande wa breki pia kama kopo ni moja. Ukiambiwa kumwaga tu na kujaza upya kunatosha, tafuta fundi mwingine.