Briji iliyovunjika kwenye besi ya zamani isiyo na freti: kutengeneza au kubadilisha?

Mkuu, umesema besi yako (gitaa la sauti nzito) ni ya Kijapani, nyuzi nne, umbo la Fender Jazz Bass, haina freti (vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo). Ukuta wa nyuma wa briji (kipande cha chuma kinachoshika nyuzi kwenye bodi) umeinamia mbele, skrubu mbili zimeng'oka kwenye mbao, sado ya E (kipande kidogo cha briji kinachobeba uzi mnene kuliko wote) haipandi tena, na fundi wa kulehemu yuko tayari kuichomelea. Kabla hujampa, tafuta sumaku.

Sumaku ikinasa kwa nguvu, hilo ni bati la chuma lililokunjwa, na lina matumaini. Ikivutwa kidogo tu au isinase kabisa, kwangua upande wa chini, usikoonekana. Rangi ya njano ni brasi (shaba iliyochanganywa na zinki) iliyopakwa kromu. Kijivu kizito ni aloi ya zinki ya kumimina kwenye kalibu, na hiyo usiichomelee. Inayeyuka karibu na nyuzijoto 390, kwa hiyo moto wa kawaida wa kulehemu utaigeuza uji kabla mshono haujashika. Epoksi nayo haifai hapo: nyuzi nne zikiwa zimekazwa zinavuta kwa jumla kilo 70 na zaidi, mchana na usiku, na gundi huachia taratibu. Zinki ikipasuka, nunua briji nyingine.

Bati la chuma linanyooshwa likiwa baridi. Toa sado zote, bana bati kwenye jiriwa katikati ya vipande viwili vya mbao ngumu, kisha rudisha ukuta kwa kugonga kipande cha tatu cha mbao, si kugonga chuma chenyewe. Pima kwa guni (kipimo cha seremala cha pembe mraba) mpaka upate digrii 90. Fanya mara moja tu. Kukunja na kukunjua ndiko kunakovunja, na ukiona ufa mwembamba kwenye kona ya mkunjo, acha, hata kama ni mfupi. Ufa huo utarefuka siku utakayofunga nyuzi bapa (zilizozungushiwa utepe laini), ambazo kwa kawaida huvuta kuliko za duara (zilizozungushiwa waya wa mviringo).

Sasa sado. Kwenye besi zisizo na freti watu hushusha nyuzi chini sana, skrubu ndogo za urefu zinazama ndani ya sado, na kiganja cha mkono wa kulia kinalala hapo hapo kikimwaga jasho. Ongeza hewa ya chumvi ya Tanga au Mombasa. Kutu inashika, kisha mtu anakuja na alenki (ufunguo wa pembe sita) isiyo saizi yake. Besi za Kijapani kwa kawaida zina skrubu za M3 zinazotaka alenki ya milimita 1.5, za Kimarekani zinataka inchi 1/16, ambayo ni karibu milimita 1.6. Tofauti hiyo ndogo inatosha kula kona za tundu. Tia tone la mafuta ya kulegeza kutu, subiri usiku mzima, gusisha ncha ya moto ya pasi ya risasi (ile ya kuunganishia nyaya za umeme) juu ya skrubu kwa nusu dakika, ndipo ujaribu. (Toa sado kwenye besi kwanza, mafuta yakiingia kwenye mbao, gundi ya kuziba matundu haitashika.) Kama meno ya ndani ya sado yameliwa, toboa kwa biti ya 3.3, kata meno mapya ya M4, weka skrubu ya M4 isiyo na kichwa. Itatumia alenki ya 2.

Matundu ya mbao ndiyo watu wanaharakisha. Njiti za kiberiti ni laini mno. Zinashika wiki mbili. Toboa tundu la milimita 8, kina 25, pigilia kigingi cha mbao ngumu kama mvule kilichopakwa gundi ya mbao, acha saa 24, kisha kata usawa wa bodi. Toboa tena kwa biti ya 2.5 kwa ajili ya skrubu ya 3.5 kwa 30. Funga selotepu kwenye biti kama alama ya kina, maana bodi nyingi za aina hii zina unene wa milimita 44 hivi. Sugua skrubu kwenye sabuni ya mche kabla ya kuikaza.

Ukibadilisha briji, pima vitu viwili kabla ya kulipa: nafasi za matundu ya skrubu, na umbali kutoka katikati ya uzi wa E hadi wa G (mwembamba kuliko wote). Nyingi ni karibu milimita 57, ila si zote. Halafu kuna mtego: briji nzito za kisasa zina kitako kinene kuliko bati la zamani, na kwako wewe unayetaka nyuzi chini, sado zitafika mwisho kabla nyuzi hazijashuka. Usizikate kwa tupa. Legeza shingo, weka kipande cha kadi ngumu cha nusu milimita ndani ya mfuko wa shingo, kwenye ukingo ulio karibu na briji. Kitakupa karibu milimita 2 pale kwenye sado.

Kupanga sauti: kwa besi ya urefu wa inchi 34, anza na sado ya G milimita 864 kutoka kwenye kizingiti cha juu (kile kipande chenye mifereji ya nyuzi karibu na kichwa cha shingo), na ya E irudi nyuma kama milimita 5. Besi isiyo na mistari ya kuonyesha mahali pa freti, pima milimita 432 kutoka kizingiti na uweke selotepu ya karatasi pembeni mwa shingo. Linganisha harmoniki ya hapo (sauti ya juu inayotoka ukigusa uzi bila kuubonyeza) na noti ya kubonyeza, katikati ya ncha ya kidole ikiwa juu ya alama yenyewe, si nyuma yake kama kwenye besi yenye freti. Noti ya kubonyeza ikiwa juu kuliko harmoniki, rudisha sado nyuma. Bonyeza mara nne au tano ndipo uamini kipima sauti (tuner), kwa sababu kidole hakitui pale pale kila mara. Urefu wa nyuzi juu ya ubao hapo katikati: milimita 2.5 kwa E, 2 kwa G, ukishuka zaidi utasikia zinakwaruza ubao.

Usisahau ule waya mwembamba wa ethi unaotoka kwenye tundu chini ya briji. Menya ncha yake sentimita 2, itandaze chini ya bati, kaza. Weka mita ya umeme kati ya briji na sehemu ya nje ya soketi ya jeki. Isome chini ya omu 2. Besi ikiunguruma na ikanyamaza ukigusa jeki lakini si ukigusa nyuzi, waya huo haujagusa bati.