Kambare kujaa mayai siyo kuwa tayari kutaga

Mkuu, umesema kambare jike wako ana tumbo kubwa, ukamchoma sindano ya homoni, baada ya saa 6 ukamkamua kwa nguvu, yakatoka mayai machache yenye damu na yote yakageuka meupe. Kosa hilo nililifanya msimu wangu wa kwanza nikaua majike wawili wazuri, ndiyo maana nakujibu kwa kirefu.

Tumbo kubwa linakuambia kiini cha yai kimejaa, basi. Kambare wa kufugwa anaweza kukaa na mayai hivyo miezi kadhaa bila kutaga hata moja. Porini anasubiri mafuriko: mto ukifurika na maji kupanda kwenye majani ya pembezoni, ndipo ubongo unaruhusu tezi ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, kumwaga homoni ya kukomaza mayai hatua ya mwisho. Bwawani hakuna mafuriko, na dopamini, kemikali ya ubongoni, inaendelea kuibana tezi hiyo. Sindano ndiyo mafuriko yake. Kuna dawa zenye vitu viwili, kimoja cha kuamsha tezi na kingine cha kuizuia dopamini. Anayetumia pituitari ya samaki mwingine anaingiza homoni yenyewe moja kwa moja.

Baada ya sindano, muda unategemea joto la maji. Kwenye nyuzi 25 mayai huachia baada ya saa 11 hivi, nyuzi 30 ni kama saa 7, na nyuzi 20 utangoja hadi saa 20 au zaidi. Aliyenifundisha alikuwa na maji ya nyuzi 30. Mimi nikafuata saa zake kwenye maji ya nyuzi 24! Mayai yalikuwa bado yameshikamana na kuta za mfuko wa mayai wa jike, nikayang'oa.

Aliyeiva hahitaji nguvu. Ukimpapasa tumbo kuelekea kwenye tundu la uzazi, mayai yanatiririka yenyewe. Usipitilize pia, maana yakikaa ndani saa nyingi yanazeeka na hayarutubiki vizuri.

Dume hakamuliki. Inabidi achinjwe, korodani zikatwe na mbegu zake zikamuliwe juu ya mayai. Hadi leo sehemu hii inaniuma, kwa hiyo dume mmoja namtumia kwa majike kadhaa. Bakuli, mikono, samaki, vyote viwe vikavu, kwa sababu mbegu zikigusa maji zinaogelea kwa dakika moja hivi tu, kisha zimekwisha. Maji yanaingia mwishoni, ukishachanganya.

Tandaza mayai kwenye wavu, tabaka moja. Yanayokufa yanapata ukungu, na ukungu huo unaua majirani. Kwenye nyuzi 27 hivi utaona mikia ikicheza baada ya siku moja na kidogo.

Hukutaja joto la tangi lako. Lipime usiku, siyo mchana tu, uniandikie hapa. Jike huyo kama bado anaogelea, mtenge. Mimi humpa miezi 2 kamili kabla ya kumgusa tena.